Raba Hupimwa Alfajiri

Nimeiacha meza yangu ya raba hapa sokoni Kasese, na magoti yangu yamefurahi kuliko mtu yeyote. Nyinyi mliobaki mnauza viatu vya mtumba mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikichagua raba za wakimbiaji wa mbio ndefu, zile za sponji nene. Nitaandika, lakini msitarajie siri. Kazi yenyewe ni kidole gumba, macho, na roho ngumu ya kumwambia mteja hapana wakati ameshaipenda rangi.

Nilianzia Bwera, karibu na mpaka, kwa Hajati Mariamu. Alikuwa mfanyabiashara wa mtumba, mwanamke mwembamba ambaye wabeba mizigo wote pale mpakani walimwogopa. Siku yangu ya kwanza alinipa rundo la raba na kuniambia nitenge nzima na mbovu. Jua lilikuwa la utosi. Nikabonyeza sponji ya kila kiatu, na kila kimoja kikabonyea vizuri. Nikazitenga karibu zote upande wa nzima, nikasimama nikisubiri sifa.

“Wewe mutoto,” Hajati aliniuliza, “hii yote iko nzima?”

“Ndiyo, Hajati. Iko laini.”

“Saa sita ya jua, hata kichwa yako iko laini. Acha hapo. Utakuja asubuhi.”

Viatu vile vililala nje barazani. Nilipofika alfajiri, baridi ya milimani ilikuwa bado haijaondoka, na Hajati alikuwa ameketi na birika lake la chai. Akaniamuru nibonyeze tena. Viatu vingi nilivyovisifu mchana vilikuwa vimekaza kama ubao. Sponji iliyochoka hujificha kwenye joto, na ikipoa inasema ukweli. Mkimbiaji naye hafanyi mazoezi saa sita mchana. Anakimbia alfajiri, kwenye baridi ileile, na mguu wake ndio unaogundua kwamba aliuziwa ubao. Tangu siku hiyo sikuwahi kumuuzia mkimbiaji raba ambayo haijalala nje.

Somo la pili lilikuwa viatu vya ndoa. Robota la mtumba likifunguliwa, viatu vingine hutoka bila wenzao. Kuna cha kushoto, cha kulia hakipo. Wauzaji wa mpakani huvitafutia mwenzi wa aina moja, namba moja na rangi moja, kisha huvifunga kamba pamoja, na hapo tunasema vimefunga ndoa. Si wizi. Mwalimu akivivaa kwenda shuleni hatajua kamwe. Lakini kimoja kinaweza kuwa kilivaliwa juma moja tu huko kilikotoka, na mwenzake kilikimbizwa mpaka kikafa. Hajati aliozesha viatu kama wengine wote, ila viatu vya ndoa havikutundikwa kamwe kwenye kamba ya wakimbiaji. Siku niliyokosea na kutundika jozi moja, alinirushia ile jozi yenyewe, na shabaha yake ilikuwa nzuri.

Baadaye nilihamia Kasese nikapata meza yangu. Nilipata wateja wa kila aina. Madereva wa malori waliokuwa wakisimama Kikorongo walinunua raba za sponji nene kwa ajili ya kukanyagia klachi, na sikuwakataza, maana lori halivunjiki mfupa. Lakini mkimbiaji akija nilimwambia arudi jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi anazokimbilia. Nilimtaka asimame, siyo akae, kisha nikatia kidole gumba mbele ya kidole chake kirefu. Kama hakuna nafasi ya gumba, atapoteza kucha kwenye mteremko. Nilitoa soli ya ndani na kusoma alama za vidole vya aliyevaa kabla. Niliangalia ubavu wa sponji, kwa sababu mikunjo midogo pale haitoki kwa sabuni wala brashi. Na nilimkanya asivianike juu ya mabati ya moto. Jua la Kasese limeua sponji nyingi kuliko barabara.

Sponji nene sana nayo ina makosa yake. Kwenye lami inabembeleza, lakini kwenye mawe ya njia za Munkunyu kifundo kinayumba. Wengi hawakupenda kusikia hivyo. Walitaka nene kuliko zote, wakatafuta kwa jirani, na jirani akawauzia.

Sasa niandike juu ya Biira, maana najua ndiye mnayemuulizia chinichini mkidhani sisikii.

Biira alikuwa binti wa Munkunyu, mtoto wa wakulima, na alikimbia chini ya Afande Kule. Afande alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyefundisha vijana mbio bila kulipwa na mtu, na kwa maneno machache sana. Timu moja ya Kampala ilikuwa imetangaza majaribio hapa kwetu: wakimbie kutoka Kikorongo hadi Kasese mjini, na wasichana wawili wa mbele wachukuliwe, wapewe kazi na mahali pa kulala. Waliweka kikomo cha umri, na Biira alikuwa amekifikia. Asipochukuliwa mwaka ule, basi. Angerudi kulima na mama yake, na miaka yote ya kuamka gizani ingekuwa imeishia shambani.

Alikuja mezani kwangu wiki ya majaribio, mchana, na raba mguuni zenye rangi ya chungwa. Afande alikuwa amemnunulia Bwera kwa muuzaji nisiyemjua, na alizipenda kiasi kwamba alikuwa akizifuta vumbi akiwa amesimama.

“Muzee Thembo,” alisema, “hii raba iko muzuri, lakini nataka ingine ya sponji mingi kupita hii. Mguu ya kulia inaniuma kidogo.”

“Inauma wapi?”

Akainama akaweka kidole kimoja kwenye mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti. Miaka mingi nimewauliza wakimbiaji swali hilo. Anayepangusa mguu kwa kiganja kizima, mara nyingi ni nyama imechoka. Anayeweka kidole kimoja mahali pamoja, hapo ni mfupa. Kijana mmoja wa Rukoki aliniwekea kidole namna hiyo, akaondoka akicheka, na baada ya siku chache alibebwa kutoka barabarani mfupa umekatika vipande viwili. Hakukimbia tena. Hata kutembea, mpaka leo anatembea na mguu anaoubembeleza.

Nikazibonyeza raba zake. Zote mbili laini, pacha kabisa. Nikamwambia aniachie hadi kesho. Nilizichukua nyumbani kwangu Rukoki, ambako hewa ya mlimani inashuka, nikaziweka juu ya ukuta. Alfajiri nilitoka bila hata kunawa uso. Cha kushoto kilibonyea. Cha kulia kilikataa. Nikakwaruza ubavu wake kwa ukucha, rangi nyeupe ikatoka, na chini yake mikunjo ikajaa. Zilikuwa raba za ndoa. Mguu mmoja wa mtoto yule ulikuwa ukitua kwenye godoro na mwingine kwenye sakafu, kila alfajiri, kwenye miteremko ya kwao.

Walikuja wawili, yeye na Afande. Niliwaonyesha. Afande alibonyeza cha kulia mara nyingi, shingo yake ikavimba.

“Mutu ya Bwera aliniambia hii iko pea moja,” alisema.

“Hata yeye labda hajui, Afande. Lakini kiatu si shida tena. Shida ni mguu. Mpeleke hospitali apigwe picha.”

“Majaribio iko Jumamosi! Wakiona picha watamufunga plasta. Wewe Thembo, kazi yako ni kuuza. Uza!”

“Aruke kwanza,” nilisema. “Kwa mguu wa kulia peke yake. Hapa kwa simenti.”

Biira aliruka. Aliruka akitabasamu na kunikodolea macho, na kila alipotua tabasamu lilibaki palepale lakini machozi yalijaa. Afande alikuwa akimtazama miguu, hakumtazama uso. Akasema, “Iko fiti.”

Nilikuwa na jozi nzuri chini ya meza. Ilikuwa namba yake, thelathini na nane, imelala nje, sponji hai pande zote mbili. Biira aliiona.

“Muzee, ile pale,” alisema. “Niuzie. Nikimaliza hiyo mbio moja nitapumuzika, hata mwezi, hata miezi. Nakuapia.”

“Sikuuzii.”

“Unanichukia?”

“Sponji nzuri itakuzuia usisikie maumivu mapema. Utakimbia vizuri mpaka mfupa ukatike. Siuzi.”

Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa hugomba. Biira aliondoka bila kuaga. Jioni nikasikia kwamba jirani yangu wa meza ya tatu amemuuzia raba nene za buluu. Simlaumu, aliombwa raba akauza raba. Lakini sikula siku hiyo.

Nilikwenda Munkunyu kumtafuta mama yake. Nilimkuta akipalilia kahawa. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akiendelea na jembe, kisha akasema, “Mutoto yangu ni mutu mukubwa. Nikimukataza, akikosa, atanilaumia mimi mpaka nikufe. Wewe unaweza kulaumiwa?” Nilipanda boda nikarudi mjini.

Jumamosi tulikuwa barabarani mapema. Niliwasikiliza wakimbiaji wakielezwa masharti pale Kikorongo: mkimbiaji akishikwa na mtu wa nje, ametolewa. Wakaanza. Afande alinikuta nimesimama na boda yangu ya kukodi, akapanda nyuma yangu bila kuomba. Tulikata mbele, tukasimama pahali penye mteremko mdogo, nyasi pande zote mbili.

Afande ana tabia moja ambayo wengi wenu mmeiona. Mkimbiaji wake akikaribia, anafumba macho na kusikiliza miguu. Anasema uso unadanganya, pumzi inadanganya, lakini hatua hazijui kudanganya. Miguu mizima hutua kwa sauti moja.

Biira alikuja wa kwanza. Wa kwanza kabisa, akimwacha wa pili nyuma sana, kichwa kimeinuka. Watu waliokuwa wakisubiri pale walianza kumshangilia. Mtu yeyote angesema huyu ameshapata kazi. Nilimtazama Afande. Macho yake yalikuwa yamefumba, na alikuwa amenishika bega kwa nguvu. Nami nikasikia. Kushoto kulitua pa. Kulia hakukutua, kuligusa tu na kukimbia, kama mtu anayekanyaga makaa.

“Afande,” nilisema. “Mtoe.”

Alizidi kufumba macho.

“Afande! Unasikia mwenyewe!”

“Nasikia,” alisema. “Siwezi. Miaka yote ile, Thembo. Siwezi.”

Mteremko ulikuwa mbele yake. Kwenye mteremko mguu hubeba mzigo mara mbili, hilo kila muuzaji wa raba analijua. Niliingia barabarani. Biira aliniona, akatikisa kichwa, akapiga kelele, “Hapana, Muzee! Hapana!” Akajaribu kunikwepa. Nikamshika mkono.

Watu walinitukana kwa lugha zote za wilaya hii. Biira alinipiga kifuani kwa ngumi, akanipiga tena, kisha akakaa kwenye lami. Msichana wa pili akapita. Wa tatu akapita. Kila aliyepita, Biira alimfuata kwa macho mpaka alipopotea. Aliniambia maneno ambayo sitayaandika, maana mama yake ni mtu wa kanisa na huenda akasomewa haya.

Afande alimbeba mgongoni hadi tulipopata gari. Hospitali walipiga picha. Daktari alitueleza kwamba ufa upo, mrefu, na haujapita upande wa pili. Nilimuuliza kama angeweza kumaliza mbio. Akasema huenda angemaliza, huenda mfupa ungekatika kwenye hatua iliyofuata, hakuna anayeweza kujua. Nilitaka sana aseme kitu kingine. Afande alikuwa amesimama mlangoni na raba ya buluu mkononi, akiibonyeza na kuiachia, akiibonyeza na kuiachia.

Biira alifungwa plasta. Nilikwenda kumwona na matunda, akageukia ukutani. Nikaenda tena, akafanya vilevile. Timu ya Kampala iliwachukua wasichana wengine wawili, na mmoja wao Biira alikuwa akimshinda siku zote. Sokoni wengine waliniita mchawi wa raba, na kuna wateja walioihama meza yangu. Usiku mwingine nilikuwa nikijiambia kwamba nimemwokoa, na usiku mwingine nikijiambia kwamba nimemwibia. Ukweli ni kwamba sijui, na nyinyi msiwe na haraka ya kunijulia.

Plasta ilitolewa. Afande aliniambia Biira ameanza kutembea, kisha ameanza kukimbia taratibu, kisha kwamba kuna klabu ya Fort Portal isiyojali umri na imemwambia aje aonekane. Nilimwona mwenyewe mara moja akipita sokoni. Nilimwamkia. Akanitazama usoni, akapita. Kwetu, mtu kutoitika salamu si jambo dogo, na liliniuma kuliko zile ngumi za barabarani.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja mama yake. Alikuwa na kikapu cha mihogo kichwani na kandambili miguuni, na miguu yake ni mipana, ya mtu aliyelima maisha yake yote. Akatua kikapu.

“Nataka raba,” alisema. “Ile ya sponji.”

“Karibu, mama. Ni ya nani?”

“Yangu mimi.”

“Namba gani?”

“Thelathini na nane.”

Nilimtazama miguu. Naye akaitazama. Miguu ile isingeingia kwenye thelathini na nane hata kwa mafuta.

“Unataka ya kufanyia nini, mama?”

“Ya kwenda kanisa.”

“Kanisa lenu liko wapi siku hizi?”

“Liko mbali sana. Unapanda, unashuka. Unaanza asubuhi, hakujapambazuka.”

“Na ukienda kanisani, unatembea pole pole ama mbio?”

Alifikiri kidogo, akatazama pembeni.

“Mbio,” alisema.

Nikamwambia arudi kesho yake. Nilibeba jozi kadhaa hadi Rukoki, na alfajiri nilizipima zote kwa gumba, kushoto na kulia, kisha nikazipima tena kwa gumba la mkono wa pili. Nilichagua moja. Haikuwa nene kuliko zote, lakini ilikuwa pana kisiginoni na imetulia, nzuri kwa mfupa uliowahi kupasuka. Mama aliporudi nilimwonyesha jinsi ya kufunga kamba ili kisigino kisiteleze, naye alinifuatisha vidole kwa makini sana kwa mtu anayekwenda kusali tu.

“Asizivae kwa safari ndefu mara ya kwanza,” nilisema. “Azizoee kwanza. Siku moja hizi, siku nyingine za zamani. Akisikia maumivu ya kidole kimoja, asimame hapohapo.”

“Nitajiambia,” alisema mama.

Akaziweka kikapuni, akazifunika kwa jani la mgomba, akajitwisha. Alikuwa ameshapita meza ya tatu aliposimama na kugeuka polepole, mkono mmoja umeshika kikapu.

“Wasingya, asante, Muzee. Na kanisa inakusalimia.”

Nikamwambia nimepokea.